Hati Isiyosomeka Ukutani

Katika nyumba niliyolelewa, kata ya Nyasubi mjini Kahama, palikuwa na karatasi moja ndani ya fremu ya mbao, imetundikwa juu ya mlango wa chumba cha baba. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na alama za mikunjo minne zilionyesha kwamba zamani iliwahi kusafiri mfukoni mwa mtu. Juu yake palikuwa na mistari kumi na miwili ya herufi za Kiarabu, wino umegeuka hudhurungi. Tuliambiwa ni dua, iliyoandikwa na babu wa baba aliyetoka Tabora, na kwamba ndiyo inayoilinda nyumba. Mama alikipangusa kioo chake kila Alhamisi jioni. Masika mmoja mti uliangukia nyumba ya jirani, yetu isiguswe; hakuna aliyeuliza sababu.

Hakuna pia aliyeuliza dua yenyewe inasemaje. Sisi sote tulipita chuoni, tukazihifadhi sura fupi kwa kuzisikia, lakini msahafu una herufi za chapa zilizonyooka na kupambanuka, na karatasi ile ilikuwa mwandiko wa mtu mwenye haraka. Kwa hiyo mimi niliitazama kama picha. Niliujua ule mkia wa mstari wa tatu uliojinyoosha kushoto kama njia ya ng'ombe inayoteremka kisimani. Nilijua ni wapi kalamu ilichovywa upya, kwa maana wino ulikolea ghafla kisha ukafifia neno baada ya neno. Nilijua nukta tatu zilizorushwa kwa pigo moja, mfano wa punje za mtama. Nilipokuja kuupenda ushairi, miaka mingi baadaye, niligundua kwamba mizani niliijua kwa macho kabla ya kuijua kwa sikio, na mwalimu wangu alikuwa karatasi ile.

Baba alipofariki, katika hitima yake alikuwapo mzee mmoja mwalimu wa chuo, mzaliwa wa Tanga, aliyefika Kahama na wanawe waliofuata dhahabu. Alisimama chini ya fremu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Mistari miwili ya kwanza ilikwenda vizuri: salamu, rehema na baraka, kwa Kiarabu safi. Wa tatu ulimkwamisha. Akarudia, akakwama tena. Kisha akacheka kwa upole, akanigeukia.

"Mwanangu, hii si dua. Hii ni barua, tena ya Kiswahili."

Msomaji ambaye hajawahi kukutana na Kiswahili katika herufi za Kiarabu anastahili kuelezwa mwalimu yule alikuwa akipambana na nini. Alfabeti ya Kiarabu haina p, wala v, wala g, wala ch. Waandishi wetu wa kale walijazia mapengo kwa jirani wa karibu: herufi be ikabeba b na p, fe ikabeba f na v. Sauti ya ng'ong'o iliyo mbele ya konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa, hata mbuzi akawa buzi na ndugu akawa dugu. Irabu nazo zilikuwa tatu tu: kasra moja ikasimama kwa i na kwa e, dhumma moja kwa u na kwa o. Kusoma hati ya namna hiyo ni kuchagua. Jicho huleta mifupa, na ni akili inayovika nyama, kwa kuijua lugha, kwa kumjua mwandishi, kwa kujua kilichotangulia na kinachofuata.

Mwalimu akaendelea taratibu, akitafsiri alama kuwa sauti. Tarehe ilikuwa Shaaban ya mwaka 1313, yaani mwanzoni mwa 1896. Mpokeaji alikuwa mfanyabiashara mwenzake. Kisha likaja neno ambalo, kwa maandishi, lilikuwa be mbili na kasra zake. Akasoma: "Nimekupelekea bibi..."

Chumba kikanyamaza. Kila aliyekuwamo alijua njia ya misafara ya Unyanyembe ilipitisha nini. Mwaka 1896 utumwa ulikuwa haujakoma katika nchi hii. Niliona ndugu zangu wakitazama chini, nami nikaitazama ile karatasi iliyotulinda, mama akiipangusa kila Alhamisi, nikaogopa neno litakalofuata.

Neno lililofuata lilikuwa "bili", na baada yake "zangu". Mwalimu akanyanyua kidole. Kama wangekuwa mabibi, angeandika wawili. Hapa hakuna herufi wau, kuna be, kisha kuna ze yenye nukta yake. Basi ni mbili, tena ni zangu. Na kitu kinachoandikwa kama bibi kikahesabiwa mbili, kikamilikiwa kwa zangu, ni pembe. Pembe mbili za ndovu.

Ngeli za Kiswahili, ambazo wanafunzi huzilalamikia shuleni, zilimtoa babu yetu kizimbani mbele ya macho yetu. Zilimtoa katika shtaka moja; hazikumsafisha na biashara yote. Barua inaendelea kutaja wapagazi kwa idadi bila jina hata moja, inataja deni la nguo, inataja mvua iliyochelewesha safari, inafunga kwa salamu kwa jamaa. Hiyo ndiyo dua yetu.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za hati kwa pupa ya mtu aliyegundua kwamba alikuwa kipofu. Neno hati lenyewe linafundisha. Kiarabu kinasema khatt, maana yake mstari, na pia mwandiko. Sisi tulilipokea, tukaligawa: hati ni waraka wenye muhuri, hati ya kiwanja, hati ya kusafiria, na hati ni mwandiko wa mkono, tukasema fulani ana hati nzuri. Maana ya pili inazeeka. Vijana wengi ninaokutana nao wanaijua ile ya muhuri peke yake.

Hata hivyo maana hiyo ya pili ina umri mkubwa katika pwani yetu. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ncha za herufi zake zinachipua majani na maua, kana kwamba aliyechonga alitaka jiwe liote. Huko Goa, Uhindi, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa tangu 1711. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wa misahafu waliotumia wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, alizikusanya na kuziandika tungo za Muyaka bin Haji, na katika kazi hiyo aliongeza alama katika herufi za Kiarabu ili p isimezwe na b. Mtu aliyeandika mashairi aliona kwamba sauti moja ikipotea, mzaha wote wa beti unapotea nayo.

Juu ya wote hao mimi namweka Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyezaliwa yapata 1855 na kufariki 1945. Alikuwa mchonga milango, mshairi, mwanamuziki na mwandishi wa hati, na shughuli hizo kwake hazikuwa na kuta kati yake. Mkono uliozoea kuelekeza patasi katika mbao ulijua namna ya kuelekeza kalamu katika karatasi. Wataalamu wa Ulaya waliotaka tenzi za kale, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walimwendea yeye awaandikie nakala, naye akawaandikia kwa wino wa rangi, akipamba nafasi kati ya vipande kwa mistari ya msumeno na vijani. Sehemu kubwa ya tunachokiona leo katika maktaba za London na Hamburg kama sura ya tenzi za Kiswahili ni sura ya mkono wa mtu mmoja. Utenzi wa Fumo Liyongo tunaousoma vitabuni umetokana na hati yake ya 1913.

Bara nayo haikuwa nyuma sana. Njia za misafara zilibeba karatasi pamoja na shanga na nguo. Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kama Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora, aliyaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode ndiye aliyeyageuza kuwa ya Kirumi na kuyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Babu wa baba yangu alikuwa mdogo mno kuandikwa katika habari hizo, ila aliandika kwa mkono ule ule.

Kilichofuata kinajulikana. Serikali ya Wajerumani ilianza kwa kupokea barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini shule zake zilifundisha za Kirumi, na kuanzia 1904 gazeti la Kiongozi lilichapwa Tanga kwa herufi hizo. Waingereza wakaendelea pale pale. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia tahajia na vitabu. Sitawalaani. Kwa tahajia hiyo mtoto wa Nyasubi anasoma anachoandika mtoto wa Mombasa, pembe haiwi bibi, na mimi ninakuandikia wewe. Lakini vizazi viwili vilitosha kuufanya mwandiko wa babu kuwa picha kwa mjukuu wake.

Hapa ndipo sanaa ya ulimwengu iliponitia katika fikra. Katika karne hiyo hiyo ambayo sisi tulikuwa tukiupoteza uwezo wa kusoma hati zetu, wachoraji wa Mashariki na Magharibi walikuwa wakitafuta kwa makusudi hati isiyosomeka. Mark Tobey, Mmarekani, alijifunza brashi ya Kichina kwa rafiki yake Teng Kuei, mwaka 1934 akakaa katika nyumba ya watawa wa Zen nchini Japani, kisha akaanza kufunika picha zake kwa mistari myeupe iliyosukwa kama mwandiko bila kuandika neno lolote. Mjini Kyoto, Morita Shiryu na wenzake waliunda mwaka 1952 kundi la Bokujinkai, wakitaka brashi ya wino itoke katika utumwa wa kuandika vizuri. Jarida la Morita liitwalo Bokubi lilikuwa limeanza mwaka mmoja kabla, na jalada la toleo lake la kwanza lilibeba kazi ya Franz Kline wa New York, mwenye mapigo mapana meusi juu ya weupe. Mwandishi wa hati wa Japani aliona ndugu yake katika mtu asiyejua hata herufi moja ya Kijapani.

Karibu nasi zaidi yuko Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Alisoma London, akarudi nyumbani 1957 na picha za mafuta za mtindo wa Ulaya, na watu wake hawakuzijali. Akaacha kuchora kwa muda, akatembea nchini akitazama watu wake wanapamba nini na wanatundika nini kutani mwao, akakuta hati. Akaanza kutia maneno madogo katika pembe za picha zake, watu wakasogea. Akayakuza, wakasogea zaidi. Kisha akaivunja herufi yenyewe, na katika vipande vyake zikatokea nyuso, pembe za wanyama, ndege na mimea. Alipofungwa miezi sita mwaka 1975 bila kuhukumiwa, alichora kwa siri juu ya vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani. Mwaka 2013 Tate Modern ya London ilimfanyia maonyesho makubwa.

Wosene Worke Kosrof, mzaliwa wa Addis Ababa, amezifanyia vivyo hivyo herufi za Ki-Ge'ez: amezikata, amezipindua, amezicheza kama mpiga jazi, hata Mhabeshi mwenye kuzisoma akijaribu hapati neno. Na Xu Bing wa China, kati ya 1987 na 1991, alichonga katika mbao herufi zipatazo 4,000 za kubuni, zenye kila dalili ya Kichina, akachapa kwazo vitabu na magombo marefu. Mchina msomi aliyeingia katika chumba kile alikuwa sawa na mtoto wa Nyasubi chini ya fremu.

Nilipokutana na kazi hiyo ya Xu Bing mara ya kwanza, katika picha, nilifurahi, kisha nikakasirika, na ilinichukua muda kujua kwa nini. Yeye anayajua maandishi aliyoyaacha. El-Salahi alifundishwa hati na baba yake, mwalimu wa chuo, kabla ya kuivunja. Morita aliiasi brashi aliyokwisha kuimiliki. Kuifanya herufi isisomeke ni uhuru kwa yule anayeweza kuisoma. Sisi hatukuivunja herufi yetu. Tuliikuta imenyamaza, tukaivika utakatifu ili kuficha kwamba hatuijui. Uzuri nilioupenda utotoni ulikuwa wa kweli, siukani hata leo, lakini ulikuwa nusu ya karatasi.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba maandishi hayakuumbwa kusomwa tu, na atakuwa na haki. Pwani tunaandika kombe kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, tunaliosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Herufi inafanya kazi yake ikiwa imeyeyuka. Kanga nazo, katika miaka ya mwanzo, zilibeba majina yao kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi, na aliyezivaa bila kujua kusoma alipambwa na kusema kwa wakati mmoja. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Turner mwaka 2017 nchini Uingereza, amerudi mara nyingi katika kanga, akizichora pamoja na maneno yake, na mtazamaji hajui kama anatazama nguo, picha au barua. Nakubali yote hayo. Ila katika kombe kuna mwalimu anayejua alichokiandika, na katika kanga kuna shoga atakayesoma na kuumia. Daima kuna mmoja anayejua. Nyumbani kwetu hakuwapo hata mmoja.

Baada ya hitima, kaka yangu mkubwa aliitoa fremu ukutani. Alisema, bila ubaya, kwamba kama si aya wala dua, basi ni karatasi ya biashara, na biashara yenyewe si ya kujivunia. Akataka kioo kile kiwekewe picha ya marehemu baba. Tulibishana usiku kucha. Nilishindwa kumweleza vizuri, na labda makala hii ni jibu nililopaswa kumpa. Ilipokuwa haisomeki tuliiheshimu mno. Iliposomeka tukataka kuitupa. Katika hali zote mbili hatukumpa babu kile alichokiomba aliyeandika, yaani asikilizwe: mtu mwenye pembe mbili, deni la nguo, mvua njiani, na wapagazi ambao hakuona haja ya kuwataja majina.

Picha ya baba sasa imo ndani ya fremu. Karatasi ninayo mimi, ndani ya bahasha kavu, mbali na mchwa na mvuke. Kila Jumamosi nakwenda kwa mwalimu wa Tanga kujifunza hati. Nina umri wa kustaafu na mkono wangu unatetemeka; ananiambia be yangu inafanana na mtumbwi uliozama. Mstari wa tatu nimekwisha kuuweza. Ule mkia niliouona kama njia ya ng'ombe ni ye ya mwisho ya neno "rafiki", aliyoivuta hadi ukingoni ili mstari ujae. Maana haikuuharibu mkia ule. Nikiutazama sasa naona njia, na naona pia anakokwenda.

Wapenzi wa lugha, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mamia ya hati za namna hii, na kumbukumbu za Zanzibar zinazo pia, lakini ninayoyafikiria zaidi ni makasha ya majumbani, Tabora, Ujiji, Kahama, Bagamoyo. Huenda kwenu pia kuna karatasi iliyokunjwa ndani ya msahafu, au iliyoshonewa ndani ya ngozi na kuitwa hirizi. Msiitupe, wala msiiabudu. Mtafuteni mzee anayejua kuisoma naye angalipo, mkae chini yake, na mkifika penye bibi, msiogope kusoma neno linalofuata.